Tuijue Mikono Yetu: Kamba za Vidole Zinaanzia Wapi?

Kila mtoto aliyekulia kijijini anaujua mchezo huu. Kuku akichinjwa na miguu ikakatwa, mtoto huchukua mguu mmoja, akatafuta ule uzi mweupe unaochungulia pale ulipokatwa, akauvuta. Vidole vya kuku vinajikunja kana kwamba bado yu hai. Akiuachilia, vinalegea. Hapo atamkimbiza dada yake nao mpaka mama apige kelele kutoka jikoni.

Tumeanza na mguu wa kuku kwa sababu mkono wa mtu unafanya kazi vivyo hivyo, na kwa sababu kutolijua jambo hilo kulimgharimu mwenzetu mmoja kidole chake.

Ilikuwa siku ya kazi ya pamoja, kikundi kikikata napia ya ng'ombe. Mama mmoja, ambaye jina lake tutaliacha, alikuwa ameshika tita la napia kwa mkono wa kushoto na panga kwa mkono wa kulia. Panga likateleza, likamkata pale kidole cha pete kinapoungana na kiganja. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, halikupita urefu wa pingili moja ya kidole. Tulilifunga kwa leso, tukampeleka mahali pa matibabu palipokuwa karibu, akashonwa nyuzi tatu, akapewa dawa, akarudi nyumbani siku ile ile. Sote tulifurahi. Jeraha lilipona vizuri, hata leo kovu halionekani sana. Lakini kidole hakikukunjika tena.

Tulimwambia, "Mama, ngoja kwanza kipate nguvu." Akangoja. Ilipita miezi mitatu kabla hajafika hospitali kubwa, na huko daktari alimwuliza swali ambalo hakuna aliyemwuliza siku ile: "Mama, ulipokatwa, kuna mtu aliyekuambia ukunje kidole aone?"

Hakuna. Wala sisi wenyewe tuliomfunga leso.

Nguvu iko juu, kazi iko chini

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza katika mikutano ya vikundi: nguvu ya kukunja kidole iko wapi? Wengi huonyesha kiganja. Wengine huonyesha kidole chenyewe. Sasa wewe unayesoma, weka jarida hili chini kidogo. Kwa mkono wa kulia shika mkono wako wa kushoto chini tu ya kiwiko, upande wa ndani ulio laini. Halafu chezesha vidole vya kushoto kama mtu anayekama ng'ombe. Unasikia kitu kinavyotembea chini ya ngozi? Hiyo ndiyo misuli ya vidole. Iko huko juu, katika kigasha, yaani ile sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo.

Ndani ya vidole hakuna msuli hata mmoja wa kuvikunja wala kuvinyoosha. Kuna mifupa, ngozi, mafuta kidogo, mishipa ya damu, neva, na kano. Kano ni zile kamba nyeupe ngumu ambazo mtu akila nyama ya mguu wa ng'ombe humshinda kutafuna. Msuli unavuta, kano inabeba mvuto huo mpaka kwenye mfupa. Ni kama breki ya waya ya baiskeli: unabana usukani hapa juu, waya unapita ndani ya mrija wake, na mpira unashika gurudumu kule chini. Waya ukikatika, mkono wako bado una nguvu na gurudumu ni zima, lakini baiskeli haisimami.

Ni mpango mzuri, ukiufikiria. Kama misuli hiyo ingewekwa vidoleni, kila kidole kingekuwa kinene kama muhogo, na hakuna ambaye angeweza kuchambua maharagwe au kutia uzi kwenye sindano.

Kigasha kimoja kina misuli karibu 20. Iliyo upande wa mbele, upande unaofuatana na kiganja, kazi yake kubwa ni kukunja kifundo na vidole. Iliyo upande wa nyuma inanyoosha. Mingine inageuza mkono. Weka mkono mezani kiganja kikitazama juu, halafu ugeuze kitazame chini. Umeona kwamba kiwiko kimebaki pale pale? Kigasha kina mifupa miwili, na ule wa upande wa gumba unapanda juu ya mwenzake kama miguu ya mtu aliyepishanisha. Bila hilo hatungeweza kukamua nguo wala kugeuza ugali kwa mwiko.

Kila kidole, ukiacha gumba, kina kano mbili za kukikunja. Ya kwanza inaishia kwenye pingili ya katikati. Ya pili inapita chini yake, na hapa kuna jambo ambalo hata sisi lilitushangaza: ile ya kwanza inapasuka katikati kama mlango, ya pili inapita mle mlangoni na kuendelea mpaka pingili ya ncha. Zote mbili zimo ndani ya ala moja laini yenye majimaji ya kuteleza, na vipete vigumu vinazibana karibu na mfupa zisiinuke kama kamba ya upinde. Ni mahali pembamba mno. Mwenzetu alikatwa hapo hapo, na panga lilizipata zote mbili.

Kano iliyokatwa haikai pale ikingoja. Msuli ulioishika kule juu unaivuta, nayo inarudi nyuma kama mpira uliovutwa ukaachiliwa. Siku za kwanza daktari wa upasuaji anaweza kuitafuta, akaishusha na kuishona na mwenzake. Zikipita wiki nyingi, msuli umefupika, na ala iliyokuwa na utelezi imejifunga kwa kovu. Ndiyo sababu yule mama aliambiwa kwamba kushona moja kwa moja hakuwezekani tena. Angehitaji kufanyiwa upasuaji mara mbili: wa kwanza wa kuweka mrija laini ili njia ifunguke, na miezi kadhaa baadaye wa kupitisha kano iliyotolewa mahali pengine mwilini.

Itolewe wapi? Gusanisha ncha ya gumba na ya kidole cha mwisho, halafu kunja kifundo kidogo kuelekea kwako. Wengi wenu mtaona kamba ikiinuka katikati ya kifundo. Hiyo ni kano ya msuli mdogo ambao watu wengine wamezaliwa bila kuwa nao, na hawaukosi hata kidogo. Madaktari huipenda kwa kazi ya viraka. Mwenzetu anayo, tena nzuri. Lakini alipopiga hesabu ya nauli, ya siku za kulala hospitalini mara mbili, na ya nani atakama ng'ombe, akasema atakaa na kidole chake hivyo hivyo.

Mpini unaponyang'anywa

Fanyeni jaribio hili mkutanoni, litawachekesha. Mtu mmoja mwenye nguvu ashike mpini wa jembe kwa ngumi, kifundo kikiwa kimenyooka. Jaribuni kumnyang'anya. Itakuwa kazi. Sasa akunje kifundo kabisa, ngumi ielekee kigasha, halafu jaribuni tena. Mpini unatoka, hata kwa mtoto wa darasa la tano.

Sababu ni kwamba kano za vidole zinapita mbele ya kifundo kabla ya kufika vidoleni. Ukikunja kifundo, kamba inalegea, na msuli uliokwisha kujikunyata hauna tena nafasi ya kuvuta. Ili ngumi iwe na nguvu, kifundo lazima kiinuke kidogo kwa nyuma, na wanaokiinua ni misuli ya upande wa nyuma wa kigasha. Kwa hiyo kila unaposhika kitu kwa nguvu, misuli ya mbele na ya nyuma zote ziko kazini, ingawa wewe unadhani unakunja tu.

Hapo ndipo maumivu ya kiwiko yanapotoka. Misuli kadhaa ya nyuma ya kigasha imejishikiza pamoja kwenye kifundo kidogo cha mfupa upande wa nje wa kiwiko. Mtu akilima siku nyingi mfululizo, au akikamua blanketi, au akikata kuni, mshikizo huo unachoka na kuanza kuuma. Anasema, "Kiwiko changu kimeharibika," na kumbe kiwiko ni kizima. Kinachouma ni mshikizo wa misuli ya kifundo cha mkono. Mtu wa namna hii akiinua kikombe cha chai kiganja kikitazama chini anasikia uchungu. Akiinua kiganja kikitazama juu, uchungu unapungua. Basi ainue jerikeni ndogo na sufuria kwa namna hiyo ya pili, abadilishane kazi na wenzake kwa majuma kadhaa, na mpini wake ufungwe raba au kitambaa kama ni mwembamba mno, kwa sababu mpini mwembamba unalazimisha ngumi ikaze zaidi.

Kuna zoezi pia. Kaa, weka kigasha kwenye paja, mkono uning'inie mbele ya goti kiganja kikitazama chini, ushike chupa ya maji ya nusu lita. Inua kwa msaada wa mkono mwingine, halafu ishushe polepole kwa mkono unaouma peke yake. Mara 10 au 15, kila siku. Huponya polepole, pengine kwa miezi. Watu wengi hukimbilia sindano ya kiwikoni. Sindano hiyo hutuliza kwa wiki chache, lakini utafiti umeonyesha kwamba mwaka ukipita waliodungwa hawako afadhali kuliko wasiodungwa.

Ganzi ya usiku, na ganzi ya namna nyingine

Kwenye kifundo, upande wa kiganja, kuna njia nyembamba. Sakafu yake ni mifupa midogo, paa lake ni mkanda mgumu usiovutika. Humo zinapita kano 9, yaani mbili za kila kidole kati ya vile vinne na moja ya gumba. Pamoja nazo inapita neva kubwa inayokwenda kwenye gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ni kama matatu jioni ya siku ya soko: hakuna nafasi ya abiria mwingine. Kano zikivimba kidogo kwa kazi nyingi, au mwili ukijaa maji wakati wa mimba, anayeumia ni neva, kwa sababu ndiye mlaini kuliko wote.

Akina mama wengi wametuambia habari hii bila kujua ni nini. Unaamka saa nane ya usiku, mkono umekufa ganzi, vidole vinachoma, unaukung'uta mpaka unapata nafuu. Wengine huambiwa ni presha, wengine huambiwa mambo ya majirani. Jaribu kulala kifundo kikiwa kimenyooka, umefunga kibao chepesi au kadibodi nene kwa kitambaa kisichobana. Ikiwa ni mimba, mara nyingi ganzi huondoka baada ya kujifungua. Lakini ikiwa inaendelea na kile kinofu kilicho chini ya gumba kimeanza kubonyea, usikae. Kinofu kile ni misuli midogo ya gumba, na kubonyea kwake maana yake neva imeanza kushindwa. Kuna upasuaji mdogo wa kulifungua lile paa.

Tumetaja misuli midogo. Mbali na ile ya kigashani, kiganja chenyewe kina misuli midogo karibu 20. Hii haina nguvu ya kubeba ndoo, bali ndiyo inayokuwezesha kushika kalamu, kufunga kifungo, kutandaza vidole na kuvirudisha. Mingi ya hiyo inaendeshwa na neva nyingine, ile inayopita nyuma ya kiwiko. Unaijua: ndiyo inayokupiga kama umeme ukigonga kiwiko mlangoni.

Tafadhalini tofautisheni ganzi hizi mbili. Ganzi ya gumba na vidole vya karibu yake kwa kawaida ni ile ya kifundo. Ganzi ya kidole cha mwisho, hasa ikifuatana na vidole kujipinda kama kucha za mwewe, inatoka kwenye neva ya kiwikoni. Mara nyingi ni kubanwa tu. Lakini kama mtu huyo ana pia baka la ngozi lililopauka lisilosikia kuguswa, apelekwe kituo cha afya akapimwe ukoma. Msishtuke na msimtenge. Ukoma haujaisha kabisa nchini, bado wagonjwa wachache hupatikana, hasa Pwani na sehemu za karibu na Ziwa Victoria. Dawa zake za mchanganyiko zimekuwa zikitolewa bure duniani kote tangu 1995, na akianza mapema mkono wake utabaki mzima.

Hata aliyechelewa ana njia. Miaka ya mwisho ya 1940, huko Vellore kusini mwa India, daktari Paul Brand aliwatazama wagonjwa wa ukoma waliokuwa na vidole vilivyojipinda akagundua kwamba misuli yao mingi ya kigashani ilikuwa bado na nguvu. Misuli midogo ya kiganja ndiyo iliyopooza. Akachukua kano ya msuli mzima akaihamisha ifanye kazi ya uliokufa, kama mtu anayeunganisha waya mzima mahali pa uliokatika. Watu waliokuwa hawawezi kushika kijiko wakarudi kushika vifaa vya kazi. Upasuaji wa namna hiyo unafanywa mpaka leo.

Panga likikata

Sasa turudi kwenye napia. Mtu akikatwa mkono, bana jeraha kwa kitambaa safi, uinue mkono juu, ubane dakika 10 bila kuchungulia chungulia. Vua pete mapema kabla kidole hakijavimba. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka. Tafadhali msitie majivu, kahawa, mafuta ya taa wala unga wa betri. Hilo mmesikia mara nyingi, lakini bado tunaliona.

Ambalo hamjasikia ni hili. Mwambie mgonjwa aulegeze mkono mapajani, kiganja kikitazama juu, asifanye lolote. Mkono mzima ukilegea vidole hujikunja kidogo kwa mpangilio, cha shahada kidogo zaidi, cha mwisho zaidi ya vyote. Kidole kimoja kikibaki kimenyooka peke yake katikati ya wenzake waliojikunja, huenda kano yake imekatika, hata kama jeraha ni dogo kama punje ya mahindi. Kisha umwombe, polepole bila kulazimisha, akunje ncha ya kila kidole huku umemshikia pingili ya katikati isijikunje. Ncha isipokunjika, kano ya ndani imepata shida. Halafu gusa pande zote mbili za kila kidole kwa ncha ya jani umwulize kama anasikia, kwa maana neva za kidole zinapita ubavuni, jirani kabisa na kano.

Mambo haya yanachukua dakika tatu. Yasiwacheleweshe kwenda, na mtu akiona uchungu mwingi mwacheni. Lakini mkifika kwa daktari au nesi mwambieni wazi mlichoona: "Kidole hiki hakikunjiki." Msione haya. Mhudumu aliye na foleni ya watu 60 anaweza kuona jeraha dogo akashona ngozi akasema nenda. Neno lenu moja litamfanya atazame tena, na mgonjwa apelekwe kwenye hospitali ya kaunti siku hizo hizo, wala si baada ya miezi mitatu. Ulizeni pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Na kano ikishashonwa, kazi haijaisha. Mkono utafungwa kibao, na mgonjwa atafundishwa kuchezesha vidole kwa namna maalumu ili kano isigande ndani ya ala. Atambiwa asiinue kitu. Jembe na ndoo kwa kawaida husubiri kiasi cha wiki 12. Hapo kikundi kina kazi, kwa sababu mama mwenye watoto wanne hawezi kukaa wiki 12 bila kushika ndoo kama hakuna mtu wa kumchotea maji. Kano nyingi zilizoshonwa vizuri zimekatika tena kisimani.

Mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe

Tumeacha hili mwisho, nalo ndilo tunaloliogopa kuliko yote.

Misuli ya kigasha imefungwa ndani ya ngozi ngumu ya ndani isiyotanuka, kama mahindi yaliyoshindiliwa kwenye gunia likashonwa. Mtoto akivunjika karibu na kiwiko, au mifupa ya kigasha, misuli inavimba na haina pa kwenda. Mbano unapanda mpaka damu inashindwa kupita. Na kama juu ya uvimbe huo mtu amefunga vijiti na kitambaa kwa nguvu, hali inakuwa mbaya upesi. Msuli ukikosa damu kwa muda wa saa 6 hivi unaanza kufa, na msuli uliokufa haufufuki. Unageuka kovu, kovu linajivuta, na kwa kuwa kamba za vidole zimeshikwa na msuli huo, vidole vinavutwa ndani milele. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann aliieleza hali hii mwaka 1881, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mikono ya namna hiyo tumeiona vijijini kwetu. Ukikunja kifundo cha mtoto huyo vidole vinanyooka kidogo, ukinyoosha kifundo vinajikunja tena. Kamba zimekuwa fupi.

Hatuna ugomvi na wazee wanaounga mifupa. Wapo wenye mikono mizuri na watu wanawaamini. Tunachowaomba ni kutofunga kwa kubana siku ya kwanza, wakati uvimbe bado unapanda, na mtoto aliyevunjika karibu na kiwiko apelekwe hospitali kwanza.

Kama mtoto amefungwa vijiti, au hata plasta ya hospitali, mzazi akae akimwangalia usiku wa kwanza. Mtoto aliyevunjika hulia, halafu kilio hupungua. Yule ambaye kilio chake kinazidi, dawa za maumivu hazimsaidii, anamtazame sana. Shika vidole vyake uvinyooshe taratibu. Akipiga kelele kwa kunyooshwa vidole tu, huku mahali palipovunjika ni kule kwenye kiwiko, hiyo ni misuli ya kigasha inayolilia damu. Vidole vikiwa vimevimba, baridi, vyeupe au vimekufa ganzi, jambo ni lile lile. Usisubiri zote zionekane, na usijipe moyo eti mshipa kwenye kifundo bado unapiga. Unaweza kupiga na misuli inakufa.

Fungua kila kitu hapo hapo, vijiti, bandeji na kitambaa cha ndani, mpaka uone ngozi. Uweke mkono usawa wa moyo, usiuning'inize na usiuinue juu sana. Kama ni plasta, rudi ilipowekwa wakaipasue usiku ule ule. Kukodi gari usiku ni ghali, tunajua, lakini hapo ndipo pesa za dharura za chama zinapopaswa kutoka bila kungoja sahihi tatu. Hospitalini, ikibidi, watapasua ile ngozi ya ndani ili misuli ipate nafasi. Jeraha la upasuaji huo linatisha kulitazama, lakini linapona na mtoto anabaki na vidole.

Yule mama wa napia bado yuko nasi. Anakama kwa vidole vitatu vya mkono wa kushoto, na ng'ombe amezoea. Kikundi chake kimetengeneza panda ya mti ya kushikilia tita la napia, na sasa hakuna anayeruhusiwa kuweka mkono mbele ya panga. Kama kikundi chenu kina njia nyingine ya kukata majani bila mkono wa pili kuwa hatarini, tuandikieni, tutaichapisha pamoja na mchoro.